Uzi juu ya uzi: tujifunze kuisoma thobu ya Kipalestina

Mtarizi wa Jioni (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba tuanze na neno, kwa sababu neno lenyewe tunalo. Mtu anayepamba nguo kwa sindano na nyuzi za rangi, Kiswahili kinasema anatarizi, na kazi yake huitwa tarizi. Wapalestina huiita tatriz. Mzizi ni mmoja, wa Kiarabu, na ndio ulionifanya nijihisi niko nyumbani mara ya kwanza niliposikia wanawake wa Kipalestina wakizungumzia kazi yao, ingawa Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu.

Nilikaa Muscat miaka sita kwa ajili ya kazi. Mlango wa pili aliishi mwalimu mstaafu, Mpalestina, ambaye wazazi wake walitoka al-Majdal, mji uliokuwa kaskazini kidogo ya Gaza. Mimi nilimwita Khala, kama walivyomwita watoto wa mtaa. Siku nilipomwonyesha kofia ya viua aliyoishona marehemu bibi yangu, hakuitazama kwa nje. Aliigeuza, akaisogeza dirishani, akapitisha ukucha juu ya mafundo yaliyo ndani, ndipo akasema kwamba bibi yangu alikuwa mtu wa subira. Kisha akaenda chumbani akarudi na thobu ya mama yake, yaani ile kanzu ndefu ya kike iliyotariziwa, akaitandika mezani kifudifudi, mgongo wa kitambaa ukiwa juu, akaniambia nami nimkague mama yake. Nilitafuta fundo, sikuliona. Nyuzi za nyuma zilikuwa zimepita kwa mistari iliyonyooka kiasi kwamba mtu angeweza kuivaa nguo hiyo ndani nje na asichekwe.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu katika miaka hii ya karibuni nimeona watu wengi wa kwetu wakieleza mshikamano wao na Wapalestina kwa picha na maneno makali, na nimeona pia kwamba tukiulizwa watu hao ni nani, wanakula nini, wanavaa nini na kwa nini, wengi wetu tunaishiwa na maneno haraka. Tunaijua misiba yao kuliko tunavyowajua wao. Thobu ni mahali pazuri pa kurekebisha kasoro hiyo, maana ni nguo inayosomeka, na sisi watu wa kanga tunajua nguo kusomeka ni nini.

Kanga yetu ina jina lililoandikwa kwa herufi, na mwanamke huchagua jina la kuvaa kulingana na anayetaka alisome. Thobu haina herufi. Inasomwa kwa mahali mapambo yalipowekwa, kwa rangi, na kwa alama ambazo kila moja ina jina lake: mtende, mberoshi, nyota ya ncha nane, mahema ya pasha, na alama ya pembetatu iitwayo hijabu, ambayo hapa haina maana ya mtandio bali ni ile hirizi tunayoijua sisi, iliyowekwa ili kumkinga mvaaji na husuda. Thobu za Ramallah zilijulikana kwa kitani cheupe kilichotariziwa kwa uzi mwekundu. Bethlehemu ilikuwa na mshono wake wa kulaza kamba za hariri na za dhahabu juu ya kitambaa, na mabibi harusi wa vijiji vya jirani waliagiza vipande vya kifuani kutoka kwa mafundi wa mji huo. Beit Dajan, kijiji cha karibu na Yafa, kilisifika kwa thobu zilizojaa mapambo, nazo alama za mberoshi hazikutoka hewani, kwa kuwa wakulima wa pwani ile walipanda miti hiyo kuzunguka mashamba yao ya machungwa ili ikinge upepo. Miongoni mwa Mabedui wa kusini, rangi ya buluu ilimhusu mwanamke asiyeolewa au mjane, na nyekundu ilimhusu aliyeolewa. Mjane aliyekuwa tayari kuolewa tena aliweza kuchanganya nyekundu katika buluu yake, na wenye macho wakaelewa bila mshenga kusema neno.

Isidhaniwe kwamba sanaa hii ilikaa kama ilivyo tangu enzi za manabii. Katika miaka ya 1930 nyuzi za pamba za kampuni ya DMC kutoka Ufaransa zilienea, zikaja na vitabu vya michoro yenye mawaridi ya Ulaya, na wanawake wa vijijini wakayachukua yale waliyoyapenda, wakayapa majina yao wenyewe. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani kwamba utamaduni ukishapokea kitu cha mgeni umeharibika. Kanga yetu ingekuwa wapi kwa kipimo hicho?

Halafu ukaja mwaka 1948 na vita vilivyoambatana na kuundwa kwa Israeli. Zaidi ya Wapalestina 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na zaidi ya vijiji 400 vikabaki bila wenyewe, vingi vikabomolewa. Beit Dajan kilikuwa miongoni mwa vilivyotoka watu mwezi wa Aprili mwaka huo. Huko al-Majdal, mji wa wafumaji, wakazi wa mwisho wa Kipalestina waliondolewa mwaka 1950 na wengi wakaishia Gaza, na wafumaji waliobeba ujuzi wao wakaendelea kufuma huko kitambaa kile kile cheusi chenye mistari miwili ya rangi pembeni, kiitwacho janna wa nar, yaani pepo na moto. Khala alikuwa na kipande cha kitambaa hicho, upana wa viganja viwili. Ndicho pekee alichoweza kukionyesha akisema: huu ndio mji wetu. Al-Majdal haipo tena kwenye ramani kwa jina hilo. Iko kwenye kitambaa.

Katika kambi za wakimbizi mambo yalichanganyika. Wanawake wa vijiji tofauti walikaa hema kwa hema, alama za Yafa zikahamia kwenye thobu za Hebron, na polepole ikazaliwa nguo ambayo haikumtaja mvaaji kuwa mtu wa kijiji fulani, ilimtaja kuwa Mpalestina. Baadaye, katika miaka ambayo kupeperusha bendera ya Palestina kulipigwa marufuku katika maeneo yaliyokaliwa na Israeli tangu 1967, na hasa wakati wa intifada, yaani uasi wa Wapalestina ulioanza Desemba 1987, wanawake waliitarizi bendera kwenye vifua vyao. Askari huweza kuichukua bendera iliyo mlingotini. Kumvua mama nguo barabarani ni jambo jingine.

UNESCO iliiingiza tarizi ya Palestina katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika mwaka 2021, ngoma ya dabke mwaka 2023, na utengenezaji wa sabuni ya Nablus kwa mafuta ya zeituni mwaka 2024. Nimeyataja haya kwa sababu yanasaidia mtu anayetaka kujifunza kujua pa kuanzia. Naomba michango yenu.

Kofia ya Viua

Ahsante dada kwa mada. Mimi nashona kofia, na nakubaliana na huyo mama kuhusu upande wa ndani. Kwetu fundi akileta kofia, mnunuzi asiyejua hutazama nakshi, na anayejua huingiza kidole ndani. Nina swali moja la kifundi. Tarizi hiyo ni ya mshono wa msalaba, nao unahitaji kitambaa ambacho nyuzi zake zinahesabika. Wanafanyaje kwenye kitambaa laini kama mahameli?

Mtarizi wa Jioni

Swali zuri sana. Huchukua kitambaa chepesi chenye matundu ya kuhesabika, wakakibandika kwa mshono wa muda juu ya mahameli, wakashona juu ya vyote viwili wakifuata matundu. Kazi ikiisha, huzichomoa nyuzi za kile kitambaa cha juu moja baada ya moja, wakati mwingine kwa meno, hadi kiishe chote na ubaki mshono peke yake juu ya mahameli. Khala aliniachia kazi ya kuchomoa kwa mwezi mzima kabla hajaniruhusu kushika sindano.

Mwana wa Uasin Gishu

Nimesoma kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa historia, kwa kuwa kichwa cha habari kinataja thobu lakini chini yake kuna suala la ukoloni, na ukoloni huo ni jamaa wa karibu wa ule uliotutawala sisi.

Mimi natoka Eldoret. Wengi hawajui kwamba mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza sehemu ya uwanda wetu wa Uasin Gishu itolewe kwa vuguvugu la Kizayuni, lililotafuta nchi ya Wayahudi, ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kuteswa Urusi wapate makao. Mpango huo unaitwa Mpango wa Uganda, ijapokuwa ardhi yenyewe iko Kenya ya leo. Ulijadiliwa katika kongamano la vuguvugu hilo mjini Basel, Uswisi, mwezi Agosti mwaka huo, tume ikatumwa kuja kuitazama ardhi, na kongamano la 1905 likaukataa. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa chochote. Miaka michache baadaye uwanda huo huo walipewa Makaburu kutoka Afrika Kusini, kwa hiyo kukataliwa kwa mpango hakukuwarudishia wenyeji hata ekari moja.

Kuna mtu mmoja anayeziunganisha hadithi hizi kwa mkono wake. Tarehe 19 Oktoba 1905, ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, katika mkutano ambao Wanandi waliambiwa ni wa suluhu. Novemba 1914 ofisa huyo alikuwa mpelelezi katika vita vya Tanga. Mwaka 1917 alikuwa katika jeshi lililopigana kusini mwa Palestina, na mwaka 1919 akateuliwa kuwa ofisa mkuu wa masuala ya kisiasa huko, akiutetea mpango wa Kizayuni waziwazi. Babu zetu wa Nandi na wakulima wa Palestina walisimama mbele ya mtu yule yule.

Ndugu zetu wa Tanzania nao wana lao. Tarehe 20 Julai 1922 Shirikisho la Mataifa liliidhinisha dhamana, yaani kibali cha kutawala, ya Uingereza juu ya Tanganyika, na siku nne baadaye likaidhinisha dhamana ya Uingereza juu ya Palestina. Tofauti ilikuwa kwamba dhamana ya Palestina ilibeba ndani yake ahadi ya Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ya Novemba 1917, ambayo iliahidi makao ya kitaifa kwa Wayahudi na kuwataja waliobaki kama jumuiya zilizopo zisizo za Kiyahudi. Sensa ya 1922 ilihesabu watu 757,182 katika nchi hiyo, na Wayahudi walikuwa 83,794. Hao wengine wote, karibu tisa kati ya kila kumi, walikosa hata jina katika karatasi iliyoamua maisha yao.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Tuna neno mkoloni na tuna neno mlowezi, na si kitu kimoja. Mkoloni anaweza kutawala kisha akafunga mizigo akaondoka. Kulowea ni kuhamia mahali na kukaa moja kwa moja. Tanganyika ilijua zaidi ukoloni wa kutawaliwa, Kenya ilijua walowezi na nyanda zao za juu, na Palestina ilipata ukoloni wa walowezi uliokusudia kuwa wengi kuliko wenyeji. Hata sheria zilisafiri. Kanuni za dharura ambazo Waingereza walizitunga Palestina mwaka 1945, zilizoruhusu kubomoa nyumba na kumweka mtu kizuizini bila kesi, Israeli ilizirithi na bado inazitumia. Na baada ya 1948 baadhi ya polisi wa Kiingereza waliohudumu Palestina walihamishiwa makoloni mengine, Kenya ikiwemo, ambako hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Waliokuwapo wanajua kilichofuata.

Mkulima Mdogo

Wakuu, naheshimu elimu mliyoimwaga hapa, lakini naomba nami nisikilizwe. Kwanza, kuna vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kusomea kilimo, wakapoteza maisha katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Familia zao zipo nasi. Pili, Waarabu wana historia ya utumwa katika pwani yetu, na sioni ikitajwa katika uzi mrefu namna hii unaozungumzia ukoloni. Tatu, huu mgogoro ni wa dini, na sisi tunaishi vizuri Waislamu na Wakristo; kwa nini tuuingize nyumbani kwetu? Sisemi kwa ubaya.

Mtarizi wa Jioni

Ndugu Mkulima, hukusema kwa ubaya na sikukupokea kwa ubaya. Nianze na hao vijana, kwa sababu ni wetu. Walikwenda kutafuta ujuzi wa shamba wakarudishwa kuzikwa, na mimi sitaki mshikamano wowote unaohitaji wasitajwe. Anayelia juu ya makumi ya maelfu waliouawa Gaza tangu siku ile, kisha akaona haya kuwalilia hao wawili, ameanza kuchagua marehemu. Na anayewataja hao wawili ili Gaza isitajwe naye amechagua vilevile.

Kuhusu utumwa, una haki kamili. Biashara ile ilifanyika, soko lilikuwa Unguja, na mtu wa pwani anayependa kuusifu ustaarabu wetu bila kuyataja hayo anajidanganya. Lakini wakulima wa Beit Dajan hawakuwa masultani wa Unguja. Tukimpa kila anayesema Kiarabu deni la walioimiliki biashara hiyo, tutakuwa tumefanya kosa lile lile la kumhesabu mtu kwa kabila lake badala ya alichofanya. Ukifika Yerusalemu ya kale, karibu na Msikiti wa al-Aqsa, utakuta mtaa wa Wapalestina weusi ambao mababu zao walitoka Chad, Sudan, Nigeria na Senegal, wengi wao wakiwa mahujaji waliobaki. Nao wanaishi chini ya utawala huo huo wa Israeli, na hadithi yao haimwondolei Mwarabu yeyote ubaguzi wake dhidi ya watu weusi, uwe wa zamani au wa leo.

Kuhusu dini, hapo ndipo thobu inaponisaidia. Ramallah ulikuwa mji wa Wakristo, na Bethlehemu sina haja ya kuueleza. Yale mapambo ya kamba za dhahabu yalivaliwa na mabibi harusi wa dini zote mbili, na anayetazama picha za zamani hawezi kumtenga Mkristo na Mwislamu kwa nguo. Oktoba 2023 jengo katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Porphyrius mjini Gaza, lenye watu waliokuwa wamejihifadhi ndani, lilipigwa kwa shambulio la anga. Desemba mwaka huo msikiti mkuu wa Omari, mjini humo humo, ukabomolewa sehemu kubwa. Wayahudi nao wasigeuzwe kuwa adui wa imani yetu. Waliuawa kwa mamilioni Ulaya, na wapo miongoni mwao wanaopinga yanayofanywa kwa jina lao. Tunachozungumza ni ardhi, utawala, na nani anaruhusiwa kurudi kwao.

Nikiri jambo moja. Sisi Watanzania tunapenda kusema kwamba tulikuwa upande wa Palestina siku zote. Tulivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ikafungua ofisi Dar es Salaam, na mwaka 1988 tukaitambua Palestina kuwa nchi. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kabla ya hapo Waisraeli walishirikiana nasi katika ushirika na mafunzo, kwamba uhusiano ulirudi mwaka 1995, na kwamba tulifungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018. Nchi ina masilahi yake. Ndiyo maana sipendi mshikamano tuwaachie mabalozi peke yao.

Msomaji wa Usiku

Na kile kitambaa cha kichwani cha mraba mweusi na mweupe? Kila duka la mtaani kwetu kinauzwa.

Mwana wa Uasin Gishu

Kufiya ilikuwa ya wakulima na Mabedui. Watu wa mjini wenye cheo walivaa tarbushi. Wakati wa uasi dhidi ya Waingereza wa 1936 hadi 1939, wapiganaji wa vijijini walipoingia mijini walitambulika mara moja kwa vitambaa vyao. Mwaka 1938 viongozi wa uasi wakaamuru wanaume wote wavue tarbushi wavae kufiya, na polisi wakashindwa kumjua mkulima ni yupi na karani ni yupi. Zinazouzwa mtaani kwetu nyingi zimetoka viwandani mbali kabisa na Palestina. Kiwanda cha Hirbawi mjini Hebron, kilichoanzishwa mwaka 1961, bado kinazifuma huko huko. Sikatazi mtu kununua ya bei nafuu. Nasema tu ajue alichonunua.

Kofia ya Viua

Dada, swali la mwisho. Nimeipenda ile alama ya mberoshi, na naona ingekaa vizuri kwenye ukuta wa kofia, ukiirudia kwa kuzunguka. Je, ni halali kwangu kuishona na kuuza? Nisije nikajiita mwenye mshikamano huku nimekuwa mwizi.

Mtarizi wa Jioni

Nilimuuliza Khala swali linalofanana na hilo kabla sijaondoka Muscat. Alisema shona, lakini usiubatize, yaani usiupe mti huo jina jingine. Nilimwelewa vizuri, kwa sababu mnakumbuka ilivyokuwa pale kampuni moja ya Uingereza ilipotaka kusajili jina la kikoi liwe mali yake. Uchungu haukuwa wa wao kuuza vikoi. Kwa hiyo anayenunua kofia yako mwambie alama hii ni mberoshi wa Palestina, na usikubali mtu wa duka la watalii aiandikie karatasi ya nakshi ya Zanzibar.

Kuhusu kuirudia kwa kuzunguka, chukua tahadhari. Anza katikati ya mti, uhesabu kwenda pande zote mbili, usianzie ukingoni. Mimi nilianzia ukingoni kwenye mto wa kiti ninaoutarizi sasa, na jana usiku, nikiwa mti wa nne, nikagundua kwamba nilikosea tundu moja tangu mti wa kwanza. Kwa mbele haionekani kabisa. Nimeugeuza, nimeuona mstari wa nyuma ulipopinda, na leo nafumua.